Simanzi katika Riwaya ya Kiswahili: Mapito Yake na Vitabu Vinavyofaa Kusomwa

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi akiombwa ataje dhamira za Rosa Mistika, atazitaja bila kusita: malezi, ulevi, elimu ya msichana, ukware wa wenye vyeo. Akiulizwa ni kwa nini kifo cha Rosa kinamuuma msomaji, aghalabu hunyamaza. Ukimya huo hautokani na uvivu wake. Umetokana na namna riwaya ya Kiswahili ilivyofundishwa na kuhakikiwa kwa takriban nusu karne, ambapo kazi ilipimwa kwa uzito wa ujumbe wake, na hisia zikahesabiwa kuwa pambo au udhaifu. Mhakiki alipoona riwaya inaliza, alishuku kwamba inaelekea kwenye fasihi pendwa.

Makala haya yanafuatilia mapito ya simanzi katika riwaya ya Kiswahili tangu miaka ya 1970, na papo hapo kupendekeza kazi zinazomfaa msomaji anayetaka riwaya itakayomtikisa. Hoja inayojengwa ni kwamba katika riwaya bora za kipindi hiki hisia kali ndiyo njia ambayo kwayo maana humfikia msomaji, na kwamba uhakiki unaoiruka njia hiyo humalizikia kwenye orodha za dhamira. Neno simanzi linatumiwa hapa kwa maana pana: huzuni, majuto, uchungu wa kutengwa na hofu ya mtu aliyeonewa.

Chimbuko la Simanzi

Riwaya haikuileta huzuni katika fasihi ya Kiswahili. Mwanzoni mwa karne ya 19 Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, utenzi unaousemesha moyo wa mtunzi mwenyewe na kuutazamisha magofu ya Pate. Mnamo 1858 Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa wosia. Tungo hizi mbili husomwa sana kwa mafunzo yake ya dini na adabu. Hata hivyo, nguvu yake inatokana kwa kiasi kikubwa na hali ya msemaji: mmoja anauonya moyo uliopumbazwa na anasa, mwingine ni mama anayejua kwamba huenda akafa. Fundisho na uchungu haviachani.

Nathari ilipoanza kukua haikuurithi upande huo mara moja. Shaaban Robert, aliyeishi kati ya 1909 na 1962, alimwombolezea mkewe Amina katika ushairi, lakini katika Kusadikika (1951) na Adili na Nduguze (1952) wahusika wake hubeba maadili zaidi ya kubeba nafsi. Karama anaposimama mbele ya baraza la Kusadikika, msomaji huvutwa na hoja zake. Hapati nafasi ya kujua usiku wake wa kifungoni ulikuwaje. Huzuni ilibaki mali ya ushairi, nathari ikapewa hekima. Hadithi za upelelezi za Muhammed Said Abdulla, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale (1960), ziliifanya nathari iwe nyepesi na yenye mvuto, ila kifo ndani yake ni fumbo la kufumbuliwa na Bwana Msa. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965) ilipata wasomaji wengi kwa njia hiyo hiyo ya taharuki.

Ndipo ikazuka ile mipaka iliyokuja kuusumbua uhakiki. Kwa upande mmoja palikuwa na fasihi iliyoitwa ya dhati, yenye falsafa na siasa. Kwa upande wa pili palikuwa na fasihi pendwa, yenye mapenzi, damu na machozi. Uhakiki wa miaka ya 1970 na 1980, ambao ulielemea sana kwenye matabaka na ujenzi wa ujamaa, uliitia nguvu mipaka hiyo. Riwaya ilipaswa kuonyesha njia, na mhusika anayelia bila kuelewa chanzo cha dhiki yake alionekana kuwa hajakomaa kifikra.

Nyumba kama Chanzo cha Msiba

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitolewa mwaka wa 1971 na East African Literature Bureau. Mwandishi, mzaliwa wa Ukerewe, alikuwa bado kijana wa chini ya miaka 30. Nchini Tanzania riwaya hii ilipigwa marufuku shuleni kwa muda kwa sababu ya uwazi wake juu ya mambo ya ngono, kisha ikaja kuwa miongoni mwa vitabu vinavyosomwa sana. Wasomaji wengi waliipokea kama onyo kwa wasichana, na usomaji huo haujatoweka.

Lakini riwaya yenyewe haikubali kuonywa nayo kwa urahisi hivyo. Zakaria, babake Rosa, ni mlevi anayemlinda binti yake kwa kipigo. Rosa anakua akiwaogopa wanaume, na anapotoka nje ya himaya ya baba hana ujuzi wowote wa kujichunga, kwa kuwa alichofunzwa ni woga pekee. Wenye madaraka wanaomzunguka wanautumia udhaifu huo. Baadaye anapopata penzi la kweli kwa Charles, yaliyopita yanasimama baina yao, Charles anamkataa, na Rosa anajiua. Kila hatua inazaa inayofuata. Uchungu wa msomaji unatokana na kuuona mnyororo mzima, huku Rosa mwenyewe akiona pingili moja moja. Msomaji anayekusudia kumlaumu Rosa analazimika kwanza kuwapita Zakaria, wakubwa wa kazi na Charles, na anapomfikia Rosa lawama imekwisha kugawanyika kiasi kwamba haimtoshi mtu mmoja. Huko ni kufundisha kwa njia ya huruma, na hakuna orodha ya dhamira inayoweza kuchukua nafasi yake.

Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) inafaa kusomwa sambamba na kazi hiyo. Maimuna naye ni binti wa baba mkali. Maksuudi anamfungia ndani ya nyumba, huku yeye mwenyewe akiishi maisha ya undumakuwili, mcha Mungu mbele ya watu na mkware gizani. Maimuna anatoroka, anaangukia mikononi mwa Bi Farashuu mwenye kisasi cha zamani na Maksuudi, na hatimaye anaishia kwenye maisha ya ukahaba na ulevi. Mpaka hapo visa viwili vinafanana. Tofauti ni kwamba Maimuna anarudi: anapona, anaheshimiwa, anaolewa na Kabi.

Je, marejeo hayo yanaipunguza riwaya nguvu? Mtu anaweza kudai kwamba mwandishi amemhurumia mhusika wake mno, na kwamba msomaji anaondoka akiwa amefutwa machozi. Dai hilo lina ukweli kiasi, kwani kupona kwa Maimuna kunasimuliwa kwa haraka kuliko kuporomoka kwake. Hata hivyo, mwisho wa Utengano unajibu swali ambalo Rosa Mistika haikulijibu: kwamba mwanamke aliyeanguka si lazima afe ili msomaji amhurumie. Katika jamii ambayo Charles ni wengi, mwanamume kama Kabi, anayemjua Maimuna na bado akamtaka, ni pendekezo zito. Msomaji akianza na Rosa Mistika kisha akaingia Utengano ataona waandishi wawili wakishindana juu ya jambo hilo hilo kwa muda wa miaka 9.

Nafsi Isiyopata Mahali

Kichwamaji (1974) ilihamisha kiini cha msiba kutoka nyumbani hadi kichwani mwa mtu. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anasimulia kwa nafsi ya kwanza. Dada yake ameharibiwa maisha na Manase. Kazimoto anakusudia kulipiza kisasi kwa Sabina, dadake Manase, kisha anamwoa. Maradhi yaliyoletwa na maisha ya ovyo yanawafuata hadi kwenye uzazi, mtoto anazaliwa na kichwa kikubwa, na Kazimoto anajiua.

Wahakiki wameisoma riwaya hii kwa mkabala wa udhanaishi, na hapana shaka mkabala huo unafaa. Hata hivyo, unapotumiwa pekee huigeuza simanzi ya Kazimoto kuwa nadharia. Kinachomgusa msomaji ni sauti ya kijana aliyesoma, ambaye anarudi kijijini na kukuta kwamba elimu yake haimsaidii kuzungumza na wazazi wake, kuomboleza wafu wake wala kumpenda mkewe. Mara nyingi anadhihaki mahali ambapo angelia. Ubaridi huo wa usimulizi ni sehemu ya maumivu, na msomaji anayeyasubiri machozi ya wazi atadhani kwamba kitabu hakina hisia. Dunia Uwanja wa Fujo (1975), ambayo Tumaini wake anaishia kunyongwa baada ya kuua, inaendeleza maswali hayo hayo kwa upana wa kijamii, ila sauti ya ndani haisikiki kwa ukaribu ule. Kwa anayetaka moja tu kati ya hizo mbili, Kichwamaji ndiyo ya kutangulizwa.

Simanzi ya Historia: Riwaya za Zanzibar

Waandishi wa Zanzibar waliipa simanzi mizizi ya kihistoria. Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed (1976) inaanzia kwenye rangi ya ngozi. Rehema ni mtoto wa mwenye mashamba, lakini weusi wake unamtia baba shaka, naye anakua katika nyumba ya babake akiwa kama mtu baki. Baadaye anapata utulivu kwa mumewe Sulubu, mkulima mwenye bidii, na wote wawili wanalima ardhi ambayo Rehema anaamini kuwa ni haki yake. Wananyang'anywa. Nguvu ya sehemu hii inatokana na subira ya mwandishi: anamwonyesha msomaji jasho la Sulubu, siku baada ya siku, mpaka shamba linakuwa na thamani machoni pa msomaji pia. Ardhi inapochukuliwa, hakuna haja ya hotuba juu ya ukabaila.

Adam Shafi alikwisha kuishughulikia historia hiyo katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) na katika Kuli (1979), inayohusu mgomo wa wafanyakazi wa bandarini wa mwaka wa 1948. Katika vitabu hivyo viwili siasa iko mbele na hisia inaifuata. Katika Vuta N'kuvute (1999) mambo yalibadilika. Yasmin, msichana wa jamii ya Kihindi, anaozwa kwa Raza, mwanamume aliyemzidi sana umri. Anamwacha, jamaa zake wanamkataa, na anapokelewa na Mwajuma, mwanamke maskini wa Kiswahili mwenye moyo mkunjufu. Anampenda Denge, mwanaharakati anayepinga ukoloni wa Waingereza na anayesakwa na polisi, na polisi wenyewe wanajaribu kumtumia Yasmin kumnasa.

Denge anampenda Yasmin, ila anaipenda zaidi kazi yake ya ukombozi, na hilo halifichi. Mwandishi hamtukuzi Denge kwa hilo wala hamhukumu. Mapenzi hayo hayakuvunjwa na hila ya mtu mbaya, kama ilivyozoeleka katika hadithi za mahaba. Yamekosa nafasi tu ndani ya wakati wao. Yasmin anaishia kwa Bukheti, katika ndoa yenye amani, na msomaji hajui kama afurahi au ahuzunike. Katika kuipima simanzi, huenda hakuna riwaya ya Kiswahili iliyofika mbali kwa kutumia kelele chache kiasi hiki. Ucheshi wa Mwajuma unachangia sana, kwa maana msomaji anacheka naye usiku ule ule ambao hatari iko mlangoni. Filamu iliyotokana na riwaya hii, iliyoongozwa na Amil Shivji na kutolewa mwaka wa 2021, imeifikisha hadithi ya Yasmin kwa watu ambao hawajaigusa riwaya. Inafaa iwavute kwenye kitabu.

Haini (2003) ni kazi ngumu zaidi kuivumilia. Imetokana na kamatakamata iliyofuata kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972, na mwandishi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotiwa kizuizini. Hamza na wenzake wanateswa ili wakiri. Ukali wa riwaya hii hautokani na mateso tu, bali na kungoja: mfungwa hajui ataitwa lini, na familia zilizo nje hazijui kama zinamngoja mtu aliye hai. Mhakiki anayeiorodhesha Haini chini ya kichwa cha udikteta amesema kweli, lakini hajasema ni nini hasa udikteta humfanyia mwanadamu.

Kenya na Machozi ya Karibuni

Nchini Kenya, riwaya iliyowafundisha vijana wengi kulia kwa Kiswahili ni Siku Njema ya Ken Walibora (1996). Kongowea Mswahili anasimulia maisha yake mwenyewe: utoto wa Tanga, mama aliyekuwa mwimbaji wa taarabu, kifo cha mama huyo, madhila ya mtoto asiyemjua babake, na safari ndefu ya kumtafuta mpaka upande wa Kitale. Muundo wake ni wa zamani, kwani safari ya kumtafuta mzazi imejaa katika ngano. Upya wake ni ule ukaribu wa sauti. Kijana wa shule aliyekuwa akikiona Kiswahili kuwa somo la sarufi alikutana na nafsi inayomweleza siri zake kwa lugha iliyosanifiwa vizuri. Walibora alipofariki mwezi wa Aprili 2020, miezi mitatu baada ya Kezilahabi, wengi waliomwomboleza walianza na kitabu hicho.

Walibora aliendelea katika Kufa Kuzikana (2003), ambamo urafiki wa Akida na Tim unajaribiwa na uhasama wa kikabila. Mapigano ya kikabila yaliyotokea Kenya katika miaka ya 1990 yalikuwa bado mabichi katika kumbukumbu za wasomaji. Kisha yakaja machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, yaliyoua watu zaidi ya 1,000. Chozi la Heri ya Assumpta Matei (2017) inaanza na mtu aliyesimama penye majivu. Ridhaa, daktari, ameipoteza jamaa yake kwa moto, katika ardhi aliyoiona kuwa kwao ilhali majirani walimhesabu kuwa mgeni. Kwa miaka kadhaa riwaya hii ilitahiniwa katika shule za sekondari, na kwa hivyo ikasomwa na vijana ambao baadhi yao walikuwa watoto wachanga wakati wa machafuko yenyewe.

Riwaya hii si kamilifu. Visa vya dhiki ni vingi mno, kiasi kwamba wahusika wengine hawapati muda wa kuhuzunikiwa, na kukutana tena kwa Umulkheri na ndugu zake kunategemea sadfa. Pamoja na hayo, kurasa za mwanzo ni miongoni mwa zilizo na uzito mkubwa katika riwaya ya Kiswahili ya karne hii. Mwandishi anamweka Ridhaa peke yake na vitu vilivyoungua kabla ya kumpa msomaji maelezo yoyote ya siasa. Msomaji anakutana kwanza na mfiwa, sababu zinafuata. Laiti mpangilio huo ungegeuzwa, lingebaki somo la uraia.

Pingamizi na Jibu

Huenda ikadaiwa kwamba fasihi ya machozi inapumbaza: msomaji hulia, akajiona mwema, akafunga kitabu na kurudi kwenye maisha yake. Pingamizi hili ni la haki, na baadhi ya vitabu vinalistahili. Pale ambapo mhusika anateswa ili msomaji aburudike kwa huzuni, na pale ambapo kifo huletwa kwa sababu mwandishi amekosa njia nyingine ya kumaliza, mhakiki anapaswa kusema hivyo waziwazi.

Lakini riwaya zilizopitiwa hapa hazimwachii msomaji huzuni tupu. Rosa Mistika inamlazimisha kuigawa lawama. Kichwamaji inamnyima faraja ya kulia. Nyota ya Rehema inamfanya athamini shamba kabla halijaporwa. Vuta N'kuvute inamwacha baina ya mapenzi mawili ya haki. Katika kila moja, hisia inamdai msomaji afikiri jambo ambalo asingelifikiri kwa kuambiwa tu. Kigezo cha kuzitofautisha na kazi dhaifu ni hicho, wala si wingi au uchache wa machozi.

Hitimisho

Kwa msomaji anayeanza, mpangilio ufuatao unafaa. Asome Siku Njema kwanza, kwa ajili ya ukaribu wa sauti. Rosa Mistika na Utengano zifuate kwa pamoja, zikilinganishwa sura kwa sura. Vuta N'kuvute isomwe polepole, pasipo haraka ya kutafuta dhamira. Nyota ya Rehema na Chozi la Heri zisomwe kwa jozi, kwa kuwa zote mbili zinauliza ni nani mwenye haki ya kuiita ardhi kwao. Kichwamaji na Haini ziachwe mwisho, kwa kuwa zinahitaji msomaji aliyekwisha kujizoeza kukaa na uchungu usiopozwa.

Kwa walimu na wahakiki wa vyuo vikuu jambo linalopaswa kubadilika ni dogo lakini ni la msingi. Swali la kwanza la semina juu ya riwaya yoyote kati ya hizi liwe ni wapi inauma, na ni kwa mbinu gani mwandishi ameifikisha mahali hapo. Dhamira zitajitokeza katika jibu, zikiwa na uhai. Mwanafunzi atakayeweza kueleza kwa nini anamlilia Rosa atakuwa amewaeleza papo hapo Zakaria na Charles, na jamii iliyowalea wote watatu.